Kundi Dogo Lapokea Mgeni Mkubwa



Wale wenye umri wa kukumbuka mwezi Septemba 1990 hapa Tanzania hawahitaji kuelezwa ziara ya Papa ni kitu gani. Papa Yohane Paulo wa Pili alikaa nchini tangu tarehe 1 hadi tarehe 5 ya mwezi huo, akapita Dar es Salaam, Songea, Mwanza, Tabora na Moshi. Ziara ya namna hiyo kwetu ina desturi zake. Barabara zinafagiliwa, kwaya zinafanya mazoezi mpaka sauti zinakauka, akina mama wanashona vitenge vya sare, na siku yenyewe ikifika hata jirani ambaye si Mkristo anatoka kusimama kando ya njia, kwa sababu mgeni wa jirani ni mgeni wa mtaa.

Juma hili nataka tuitazame ziara ya Papa katika nchi ya namna nyingine kabisa. Tuchukue nchi ambayo Wakatoliki ni kama mtu mmoja katika kila watu mia moja, na wale tisini na tisa waliobaki, wengi wao, hawana mazoea ya kwenda katika nyumba ya ibada yoyote. Huko watu wanajiandaa vipi kumpokea Papa? Nani anakuwa mwenyeji? Na je, mgeni mwenyewe amekuja kwa ajili yao, au wao ni watazamaji tu katika shughuli ya wakubwa?

Nchi ninayoizungumzia ni Uswidi, kule kaskazini mwa Ulaya, na ziara ni ile ya Papa Fransisko ya tarehe 31 Oktoba na tarehe 1 Novemba 2016. Papa Fransisko alifariki dunia tarehe 21 Aprili 2025, na mengi yamesemwa juu ya safari zake kubwa kubwa. Hii ya Uswidi ilikuwa fupi, haikufika hata siku mbili kamili. Lakini ndani yake mna kisa ambacho mimi naona kinafaa kusimuliwa hata kwa watu ambao si Wakatoliki.

Kwanza tuielewe nchi yenyewe. Sisi tumezoea kusema kwamba serikali haina dini, wananchi ndio wenye dini. Uswidi kwa miaka mingi mambo yalikuwa kinyume. Serikali ndiyo iliyokuwa na dini, na mwananchi alizaliwa ndani yake kama anavyozaliwa ndani ya ukoo. Kanisa la Kilutheri la Uswidi lilikuwa Kanisa la taifa mpaka tarehe 1 Januari 2000 lilipotenganishwa na dola. Hadi mwaka 1996 mtoto aliyezaliwa na mzazi ambaye ni muumini wa Kanisa hilo aliandikwa muumini moja kwa moja, hata kabla ya kubatizwa. Na hata leo sheria ya kurithi kiti cha ufalme inamtaka Mfalme awe wa imani hiyo ya Kilutheri.

Sasa, mtu angetegemea kwamba nchi ya namna hiyo itakuwa ya wacha Mungu wakubwa. Haikuwa hivyo. Mwaka 2016 Waswidi kama sita katika kila kumi walikuwa bado kwenye orodha ya Kanisa lao, lakini Jumapili ya kawaida waliokuwa kwenye viti ni wachache sana. Mtu anabatizwa, pengine anafunga ndoa kanisani, na mwisho anazikwa na mchungaji. Katikati ya hayo hana habari. Waswidi si watu wanaopiga vita dini. Wanaiona dini kuwa ni jambo la faragha, kama mshahara wa mtu, ambalo mstaarabu haulizi wala haelezi. Unaweza kufanya kazi meza moja na mwenzako miaka mingi usijue kama anasali.

Katika nchi hiyo Mkatoliki alikuwa mtu wa mashaka kwa muda mrefu, na sababu zake zinafaa kufahamika. Mwaka 1527 Mfalme Gustav Vasa aliitisha baraza la nchi katika mji wa Västerås, na hapo mali nyingi za Kanisa zikachukuliwa na taji, na nchi ikaanza kuelekea upande wa Matengenezo ya Luther. Baadaye akatokea Mfalme Sigismund, Mkatoliki aliyekuwa pia Mfalme wa Poland. Waswidi wakamwondoa kitini mwaka 1599. Tangu hapo Ukatoliki ukahesabiwa kuwa dini ya adui wa nchi. Mwaka 1617 ikatungwa sheria kali huko Örebro: Mswidi atakayegeukia Ukatoliki atapoteza haki ya urithi na kufukuzwa katika nchi. Malkia Christina alipotaka kuwa Mkatoliki ilimbidi kwanza aache kiti cha enzi, mwaka 1654, akaenda kuishi Roma. Amezikwa huko, katika Kanisa la Mtakatifu Petro.

Usidhani hayo ni mambo ya kale tu. Mwaka 1781 Wakristo wa kigeni waliruhusiwa kusali kwa namna yao, lakini Mswidi mwenyewe hakuruhusiwa kuwafuata. Mwaka 1858 wanawake sita walihamishwa nchini kwa hukumu ya mahakama kwa kosa moja tu, kwamba walikuwa wameingia Ukatoliki. Kisa hicho kiliitia Uswidi aibu mbele ya Ulaya nzima, na mwaka 1860 ikatoka sheria ya kumruhusu mtu kutoka katika Kanisa la taifa, alimradi ajiunge na dhehebu jingine linalotambulika. Uhuru kamili wa dini, pamoja na uhuru wa kutokuwa na dini yoyote, ulikuja mwaka 1951. Watu waliozaliwa kabla ya sheria hiyo wangali hai. Jimbo Katoliki la Stockholm, ambalo ndilo peke yake na linachukua nchi nzima, lilianzishwa mwaka 1953.

Basi hao Wakatoliki wa leo ni akina nani? Wengi ni wahamiaji au watoto wa wahamiaji. Wamo Wapolandi na Wakroatia waliofuata kazi viwandani. Wamo watu wa Chile waliokimbia utawala wa kijeshi baada ya mwaka 1973. Wamo Wavietnam waliokimbia vita, Wakaldayo wa Iraki ambao kabila zao zimekuwa za Kikristo tangu kale, na Waeritrea. Wamo pia Waswidi wa asili walioingia Ukatoliki kwa hiari yao, na huyo Askofu wao, Anders Arborelius, ni mmoja wao. Alikulia katika mji wa Lund, akaingia Ukatoliki mwaka 1969 akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, akawa mtawa wa Karmeli. Mwaka 1998 akawekwa kuwa Askofu wa Stockholm. Alikuwa Mswidi wa kwanza wa asili kushika kiti cha uaskofu Katoliki nchini mwake tangu enzi za Matengenezo.

Mwaka 2016 waumini walioandikwa katika jimbo hilo walikuwa wapatao 113,000, katika nchi ya watu karibu milioni kumi. Nchi yenyewe ni ndefu. Kutoka Kiruna kule juu hadi Malmö kusini ni zaidi ya kilomita 1,700 kwa barabara. Parokia moja inaweza kuwa na eneo kama mkoa wetu mzima, na padre mmoja akawa anazunguka na gari yake Jumapili yote, Misa hapa kwa Kiswidi, pale kwa Kipolandi, kule kwa Kiarabu. Mahali pengi hawana jengo lao. Wanasali katika kanisa la Walutheri kwa mapatano, saa ambazo wenyewe hawalitumii. Hebu lifikirie jambo hilo, ndugu msikilizaji. Kanisa la mawe la karne ya kumi na mbili, lililojengwa na Wakatoliki kabla Luther hajazaliwa, leo Mkatoliki anaingia humo kwa ruhusa ya jirani, na akimaliza anarudisha funguo.

Sasa tuje kwenye ziara. Tarehe 25 Januari 2016 ilitangazwa kwamba Papa atakwenda Lund mwezi Oktoba. Kwa Wakatoliki wa Uswidi habari hiyo ilikuwa furaha isiyo na mfano. Papa aliyefika kwao kabla yake alikuwa Yohane Paulo wa Pili, mwezi Juni 1989, alipozunguka nchi tano za kaskazini. Ilikuwa imepita miaka ishirini na saba. Mtoto aliyebatizwa mwaka ule sasa alikuwa na watoto wake.

Lakini furaha hiyo ilikuja na mwiba ndani yake. Papa hakuwa anakwenda kwa sababu ya Wakatoliki wa Uswidi. Tarehe 31 Oktoba ndiyo siku ambayo mwaka 1517 Martin Luther alitoa hoja zake 95 kule Wittenberg, Ujerumani, na mgawanyiko wa Kanisa la Magharibi ukaanza. Mwaka wa kutimiza miaka 500 ulikuwa unakaribia. Shirikisho la Walutheri Duniani, ambalo lilizaliwa katika mji huo huo wa Lund mwaka 1947, pamoja na Vatikano, waliamua kufungua mwaka huo kwa sala ya pamoja. Walichagua maneno yao kwa uangalifu. Waliita kumbukumbu, hawakuita sherehe, kwa kuwa huwezi kushangilia siku ambayo nyumba yako iligawanyika. Kwa hiyo wenyeji wa shughuli walikuwa Walutheri kwa upande mmoja na Vatikano kwa upande wa pili, pamoja na Jimbo la Stockholm. Mpango wa Papa, kama alivyokuja kueleza mwenyewe, ulikuwa aende, asali na Walutheri, na arudi. Misa ya Wakatoliki haikuwamo.

Tusimlaumu upesi. Papa alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni nzito. Ukienda kwa jirani mliyegombana naye miaka mia tano, kwenda kupatana, si busara siku hiyo hiyo kumtandikia mkeka wako mbele ya mlango wake na kufanya ibada ambayo yeye haruhusiwi kushiriki. Misa ya Kikatoliki ina Komunyo, na Komunyo hiyo kwa kawaida Mlutheri hapewi. Papa alitaka ushahidi wa umoja uonekane wazi, usitiwe doa na ishara ya utengano.

Lakini jitie sasa katika viatu vya mama Mkaldayo aliyekimbia Iraki kwa sababu ya imani yake, akafika nchi ya baridi ambako hakuna anayemuuliza juu ya imani hiyo, kwa ubaya wala kwa uzuri. Amewalea watoto wake katika imani ambayo wenzao shuleni wanaishangaa. Leo anaambiwa Papa anakuja, atapita kilomita chache kutoka hapo, atasalimiana na Mfalme, atasali na maaskofu wa Kanisa kubwa, halafu atapanda ndege. Watoto wake watamwona kwenye televisheni. Huyo mama hapingi mapatano hata kidogo. Yeye anaishi na Walutheri kila siku na wengine ndio wanaomwazima kanisa. Anachouliza ni kimoja: na sisi je?

Hilo ndilo lililoulizwa. Wakatoliki wa Uswidi waliomba, wakaomba tena, kwa adabu lakini kwa mkazo. Hawakususa na hawakusema wataigomea sala ya Lund. Waliomba Misa. Na Papa akabadili mpango wake. Siku chache kabla ya safari, katika mahojiano na padre Mjesuiti wa Uswidi, Ulf Jonsson, aliieleza habari hiyo bila kuficha. Alisema mwanzoni alikuwa ameshikilia msimamo wa kutokuwa na Misa. Baadaye akafikiri kwamba yeye ni mchungaji wa kundi la Wakatoliki, na kwamba wengine watatoka hata nchi jirani za Norway na Denmark. Kwa sababu ya maombi yao motomoto akaamua kusoma Misa, na kwa ajili hiyo akaongeza siku ya pili. Hakutaka Misa iwe siku moja wala mahali pamoja na sala ya Walutheri, ili mambo mawili yasichanganywe. Siku ya kwanza ikabaki ya mapatano, siku ya pili ikawa ya kundi lake.

Ninaposoma maelezo hayo huwa najiuliza ni wakubwa wangapi, wa dini au wa serikali, wa kwetu au wa kwingineko, wanaoweza kusema hadharani kwamba nilikuwa nimeamua hivi, wadogo wakaniomba, nikaona wana haki, nikaamua vile. Mara nyingi sisi tunaambiwa kwamba mpango umeshapita na ratiba haibadiliki.

Basi maandalizi yakaanza, na hapo ndipo tofauti na kwetu inapoonekana. Hapakuwa na siku ya mapumziko. Tarehe 1 Novemba ni sikukuu ya Watakatifu Wote kwa Wakatoliki, lakini katika kalenda ya Uswidi sikukuu hiyo huadhimishwa Jumamosi. Mwaka ule tarehe 1 Novemba iliangukia Jumanne, siku ya kazi kama nyingine. Aliyetaka kwenda ilimbidi aombe ruhusa kazini, na akiulizwa kwa nini, aseme. Kwa nchi ambayo dini haitajwi ofisini, kule kuomba ruhusa tu kulikuwa ni ungamo la imani. Anayetoka Stockholm alikuwa na safari ya kilomita 600 na zaidi. Mkutano wenyewe ni wa wazi, asubuhi, mwezi Novemba, katika baridi na upepo wa baharini.

Kwaya nayo ilikuwa na kazi yake. Kwetu kwaya za parokia mbalimbali hugombania nani aimbe wimbo gani. Kule ilibidi kwanza waamue lugha. Ukiimba Kiswidi peke yake, bibi wa Kipolandi hajisikii nyumbani. Ukiimba Kipolandi, Mvietnam ameachwa nje. Kilatini, ambacho wengi walidhani kimezikwa, kikasaidia, kwa kuwa hakikuwa lugha ya mtu yeyote na kwa hiyo kilikuwa cha wote.

Kulikuwa pia na jambo moja lililowatia moyo mwaka huo. Tarehe 5 Juni 2016, huko Roma, Papa alikuwa amemtangaza mtakatifu Maria Elisabeth Hesselblad. Huyu alikuwa Mswidi wa familia ya Kilutheri, aliyezaliwa mwaka 1870. Kwa shida za maisha alihamia Marekani akiwa kijana, akafanya kazi ya uuguzi ili aitume nyumbani, na mwaka 1902 akaingia Ukatoliki. Baadaye huko Roma alilifufua shirika la watawa wa Mtakatifu Birgitta, yule Mswidi wa karne ya kumi na nne, na wakati wa Vita Kuu ya Pili aliwaficha Wayahudi katika nyumba yake. Basi Wakatoliki wa Uswidi wakawa na mtakatifu ambaye naye alikuwa mhamiaji. Wahamiaji wa Malmö hawakuhitaji mhubiri wa kuwaeleza maana yake.

Siku ikafika. Jumatatu tarehe 31 Oktoba Papa alitua, akapokewa na Waziri Mkuu Stefan Löfven, akaonana na Mfalme Carl Gustaf na Malkia Silvia huko Lund, kisha akaingia Kanisa Kuu la Lund. Ndani alikuwapo Askofu Mkuu wa Walutheri wa Uswidi, Antje Jackelén, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho. Kwa niaba ya Shirikisho la Walutheri alikuwapo rais wake, Askofu Munib Younan, Mpalestina, pamoja na katibu mkuu, Martin Junge wa Chile. Mishumaa mitano iliwashwa kwa ahadi tano. Papa na Askofu Younan wakatia sahihi tamko la pamoja, wakakumbatiana, na kanisa zima likapiga makofi.

Baada ya hapo wakaenda Malmö, katika ukumbi mkubwa ambamo watu kama elfu kumi walikuwa wakiwasubiri. Na hapa, ndugu msikilizaji, Afrika Mashariki ilikuwapo. Aliyesimama kutoa ushuhuda mmojawapo alikuwa Marguerite Barankitse wa Burundi, mwanamke aliyewalea maelfu ya watoto waliopoteza wazazi katika vita iliyoanza mwaka 1993, na ambaye mwenyewe alilazimika kuikimbia nchi yake mwaka 2015. Mwingine alikuwa Rose Lokonyen, binti wa Sudan Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya, ambaye miezi michache kabla alikuwa amebeba bendera ya timu ya wakimbizi katika michezo ya Olimpiki ya Rio. Walichaguliwa kwa makusudi. Mwaka 2015 Uswidi ilikuwa imepokea waomba hifadhi wapatao 163,000, wengi wakipitia Malmö hapo hapo, na mwezi Januari 2016 ukaguzi wa vitambulisho ukawekwa kwa wanaovuka daraja kutoka Denmark. Nchi ilikuwa imechoka na inabishana. Kumsimamisha mkimbizi mbele ya Papa na wakuu wa nchi ulikuwa ujumbe unaoeleweka hata kwa mtu asiyejua Baba Yetu.

Jumanne asubuhi ikawa zamu ya wadogo. Uwanja wa mpira wa klabu ya Malmö FF, ambao siku zile uliitwa Swedbank Stadion, ulijaa watu wapatao 15,000. Kwa kipimo cha Jangwani hilo ni kundi dogo. Kwa kipimo chao lilikuwa jambo la kustaajabisha, kwa sababu Mkatoliki wa Uswidi amezoea kuwa peke yake: peke yake darasani, peke yake kazini, peke yake mtaani. Papa aliwahubiria kuhusu heri zile za mlimani, akaongeza nyingine za siku hizi, juu ya wanaosamehe waliowadhulumu, wanaowatazama waliotupwa kando, wanaotunza dunia, na wanaosali na kufanya kazi kwa ajili ya umoja wa Wakristo. Aliwataja Birgitta na Elisabeth Hesselblad. Kisha akapanda ndege.

Yasidhaniwe mambo yote yalikwisha siku hiyo. Tamko la Lund lenyewe lilikiri kwamba wapo waumini wengi wenye hamu ya kupokea Ekaristi katika meza moja, hasa wale wanaoshirikiana maisha yote lakini hawawezi kushirikiana meza hiyo. Hapo wanasemwa mume na mke wa madhehebu mawili. Wanalala kitanda kimoja, wanakula chungu kimoja, Jumapili kila mmoja anashika njia yake. Kwa Uswidi jambo hilo ni la kila siku, maana kijana Mkatoliki katika nchi ya namna ile ataoa wapi kama si kwa Walutheri au kwa wasio na dini? Papa na Askofu waliitaja kiu hiyo, hawakuipatia maji. Na katika ndege ya kurudi Roma, alipoulizwa kuhusu wanawake kuwa mapadre, Papa alijibu kwamba neno la mwisho lilikwisha tolewa na Yohane Paulo wa Pili, na kwamba linabaki. Asubuhi moja ya sala haifuti miaka mia tano, na aliyedhani itafuta alikuwa anajidanganya.

Huenda mtu akasema, haya ya Uswidi yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa karibu kuliko tunavyofikiri. Bengt Sundkler, Mswidi, ndiye aliyekuwa askofu wa kwanza wa Kanisa la Kilutheri la Buhaya, akakaa tangu mwaka 1961 hadi 1964, akamwachia kiti Josiah Kibira. Mwaka 1977, mkutano mkuu wa Shirikisho la Walutheri Duniani ulipofanyika Dar es Salaam, huyu Kibira wa Bukoba akachaguliwa kuwa rais wa Shirikisho hilo, Mwafrika wa kwanza. Na Bukoba hiyo hiyo ndiyo iliyomtoa Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza kufanywa Kardinali katika zama zetu. Mji mmoja mdogo kando ya Ziwa, dunia nzima ya Walutheri ikapata kiongozi, na dunia ya Wakatoliki ikapata kiongozi. Wahaya wana koo zilizogawanyika katika madhehebu hayo mawili, na bado kwenye msiba wanachota maji kisima kimoja.

Kuna la pili. Sisi katika nchi hizi tunapenda kuhesabu. Dini gani ina watu wengi, nani alijaza uwanja, mkutano wa nani ulikuwa na magari mengi. Tunaposhindana hivyo tunasahau kumuuliza mtu mmoja mmoja, wewe umekuja kwa nini? Mkatoliki wa Uswidi hana idadi ya kujivunia. Akisali, hakuna atakayemsifu. Akiacha, hakuna atakayejua. Hatapata cheo kwa kuwa Mkatoliki wala hatapata mchumba kwa urahisi zaidi. Analipa mchango wake kwa hiari, unakatwa pamoja na kodi, na hakuna anayemlazimisha kuandika jina lake kwenye orodha. Aliyesimama pale uwanjani Jumanne ile katika baridi alikuwa amejiuliza swali hilo na kulijibu kabla hajatoka nyumbani.

Miezi minane baadaye, tarehe 28 Juni 2017, Papa Fransisko alimfanya Askofu Arborelius kuwa Kardinali, wa kwanza katika historia ya Uswidi. Cha kuchekesha ni kwamba mwisho wa mwaka huo gazeti moja la habari la huko, katika nchi ile ile isiyojali dini, lilimchagua kuwa Mswidi wa Mwaka. Mwaka 1858 Waswidi sita walifukuzwa nchini mwao kwa kuwa Wakatoliki. Miaka 159 baadaye Mkatoliki akatajwa kuwa Mswidi wa mfano. Sheria zilibadilika njiani, ni kweli, lakini nadhani kazi kubwa ilifanywa na majirani waliozoeana: aliyeazima kanisa, na aliyerudisha funguo kwa wakati.

Ndugu msikilizaji, kama hapo ulipo wewe ni wa kundi kubwa, chunguza kama yuko jirani anayehitaji kuazimwa mlango. Na kama ni wa kundi dogo, usione haya kuomba kilicho chako. Omba kwa adabu, na ukinyimwa omba tena.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.